Sakafu ya Mifuko Mitatu

Mwaka jana, wiki tano kabla ya harusi ya binti wa binamu yangu, picha iliingia kwenye kundi la familia. Maboksi ya marumaru yamepangwa ukumbini kwa marehemu bibi, Ngamiani, Tanga, yamefika usawa wa kiuno. Juu ya boksi moja kuna pima maji na mwiko mpya ambao bado una karatasi ya bei. Chini ya picha binamu ameandika: "Fundi anaanza Jumatatu. Ambao hawajachanga wasituchelewesha."

Nilichanga usiku uleule. Nalisema hili mapema ili msomaji asinichukulie kuwa mimi ni mtetezi wa vitu vya kale niliyetaka watu wakae kwenye vumbi. Wakwe walikuwa wanatoka Dar es Salaam na ukumbi ule ndio wangepita. Lakini baada ya kutuma hela niliirudia picha, nikaona nyuma ya maboksi, kando ya ukuta, ule mstari mweusi. Nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umetuma?"

"Nimetuma. Shangazi, ile sakafu wanaifunika yote?"

"Sasa marumaru wakaziweke wapi, juu ya mti?"

Ijumaa nikapanda basi.

Nyumba yenyewe ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi katika barabara za Ngamiani, zile ambazo badala ya majina zina namba. Baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma penye jiko, choo na mahali pa kufulia. Kuta ni za miti na udongo, baadaye zikapigwa lipu. Mpaka mwaka 1983, nikiwa na miaka tisa, chini kote kulikuwa udongo.

Mtu asiyewahi kuishi juu ya sakafu ya udongo hudhani kwamba ni ardhi tu iliyozungushiwa kuta. Bibi angemcheka. Alituma vijana pembezoni mwa mji wakachimbe kichuguu, kwa sababu udongo wa kichuguu mchwa wameshauchambua chembe kwa chembe na kuugandisha kwa mate yao. Ukilowekwa na kushindiliwa hukauka ukawa mgumu kama tofali. Si sisi tu tuliolijua hilo. Wakoloni wa mashariki na kusini mwa Afrika walitengenezea viwanja vyao vya tenisi udongo huohuo wa vichuguu. Bibi hakucheza tenisi, lakini alijua kwamba udongo wa shambani hupasuka na wa kichuguu huvumilia.

Udongo ulilowekwa usiku kucha, ukamwagwa, ukasawazishwa kwa ubao mrefu. Ulipoanza kushika, bibi alikaa kwenye kigoda chake na kuanza kuupiga kwa kibao kifupi chenye mpini, bapa upande mmoja, kilicholainika kwa kushikwa. Tap, tap, tap, eneo la urefu wa mkono wake, kisha anasogeza kigoda. Kazi ya chumba kimoja ilichukua asubuhi nzima. Mwishoni alisiriba kwa tope laini, kwa kiganja, akichora nusu duara moja juu ya nyingine, na tope likikauka michoro ile ilibaki kama magamba ya samaki. Kwa wafugaji wa bara tope hilo huchanganywa na mavi ya ng'ombe, na kweli hupunguza vumbi na nyufa. Bibi, mtu wa pwani, hakutaka hata kulisikia. Kila baada ya majuma machache, na kila baada ya mvua iliyovuja, alisiriba tena.

Uani kulikuwa mchanga. Alfajiri, kabla ya chai, aliufagia kwa ufagio wa chelewa, akirudi kinyumenyume kutoka kwenye mlango wa ua hadi kizingiti cha jikoni ili asiache nyayo. Alifagia hata siku ambazo hakukuwa na takataka. Mistari ya ufagio ilijipinda kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, na mpaka leo sijaona pambo la ardhi la bei rahisi zaidi ya lile. Lilidumu mpaka kuku wa kwanza alipofunguliwa.

Juu ya udongo zikaja mikeka. Hapa lugha yetu ina mambo ambayo sikuyatilia maanani mpaka nilipoanza kufuatilia habari za sakafu ile. Jamvi ni lile la miyaa, gumu, pana, la kukalia watu wengi. La msibani na la harusini. Mkeka ni wa ukindu, laini, wenye rangi, wa kutandikia kitanda au kumtandikia mgeni. Msala ni wa kuswalia. Mtu aliyekuwa hana saruji wala zulia aliweza kukueleza kwa kitu alichokutandikia wewe ni nani kwake. Ukitandikiwa jamvi umehesabiwa kati ya watu. Ukitandikiwa mkeka wa rangi umehesabiwa peke yako. Bibi alisuka mwenyewe. Ukindu aliununua sokoni, akauchemsha kwenye sufuria kuukuu pamoja na rangi za unga za dukani, zambarau, kijani na ile nyekundu iliyotia madoa vidole vyake juma zima, kisha akasuka ukili mrefu jioni baada ya jioni na kuuzungushia kama tairi mpaka utoshe kushonwa.

Sasa nenda kwenye nyumba yoyote inayojengwa Tanzania leo. Fundi atakwambia kesho anamwaga jamvi, na anamaanisha zege la chini, la kokoto na saruji. Atakwambia baada ya hapo atapiga niru, na anamaanisha saruji laini ya juu inayong'arishwa kwa mwiko, ilhali niru katika kamusi za zamani ni chokaa nyeupe ya kupakia kuta. Na barabara ikiwekwa lami nzuri isiyo na mashimo, watu husema imewekwa mkeka. Vitu vyenyewe vimebadilika, majina yamekataa kuondoka.

Saruji ya kisasa, ile inayoitwa Portland, ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824 na fundi mmoja wa Leeds, Joseph Aspdin. Kwetu, kwa muda mrefu ilikuwa mali ya meli, ya serikali, ya reli na ya matajiri. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kuzalisha mwaka 1954, cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966, na cha Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, kikaja mwaka 1980. Tungetegemea basi watu wa Tanga tuoge saruji. Haikuwa hivyo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha juzijuzi, nchi haikuwa na fedha za kigeni, mafuta shida, vipuri shida, na saruji ilitolewa kwa kibali. Malori yalipita, sisi tukayatazama.

Bibi aliomba kibali. Sijui alikwenda mara ngapi kwenye ofisi ile, lakini nakumbuka kanga aliyokuwa akiivaa siku za kwenda, ya njano, tuliita kanga ya saruji. Akapewa mifuko mitatu. Hiyo ilikuwa 1983, mwaka wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, ambapo watu walikamatwa kwa kukutwa na bidhaa wasizoweza kuzieleza, na wengine waliogopa hata wakatupa usiku vitu walivyovinunua kwa halali. Bibi alikikunja kile kibali, akakiweka ndani ya msahafu wake, na hakukitoa mpaka alipofariki. Tulikikuta pale. Karatasi imekuwa rangi ya chai, muhuri hausomeki, lakini "mifuko 3" inasomeka vizuri.

Mifuko mitatu ya kilo 50, ukichanganya ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga na kutandaza unene wa vidole viwili vya mwanamke, hutosha mita za mraba kumi na mbili au kumi na tatu. Vyumba sita hapana. Chumba kimoja kikubwa, labda. Nimewauliza wadogo zangu, wote wangeweka chumbani kwao. Bibi aliweka ukumbini, mahali ambapo hakuna anayelala na kila mtu anapita.

Fundi alikuwa jirani, alilipwa kwa chakula na kwa mkeka mmoja. Walishindilia udongo wa chini kwanza, kwa kile kibao. Wakamwaga. Saruji ikiwa bado mbichi, fundi akavuta kamba iliyopakwa masizi na kuiachia, paa, ikaacha mstari ulionyooka. Akakandamiza kamba nyingine juu ya mstari mpaka ukawa mfereji mdogo. Akafanya hivyo urefu na upana, ukumbi mzima ukawa miraba, kana kwamba umetandikwa vigae. Ulikuwa ulaghai mdogo wenye faida: saruji ikitaka kupasuka, hupasukia kwenye mfereji na hakuna anayeona.

Kulikuwa na unga mwekundu, ule wa kutia rangi saruji, umebaki kwenye kopo kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi kwenye jumba moja la mjini. Haukutosha kuchanganywa kwenye saruji yote, kwa hiyo fundi aliunyunyiza juu pamoja na saruji kavu, akauzamisha kwa mwiko. Ndiyo sababu wekundu wa sakafu ile haukuwa sawa: mlangoni kama pilipili, katikati kama tofali, kwa nyuma kama uso wa mtu aliyeona haya. Bado pembeni. Bibi alitaka mstari mweusi kuzunguka ukumbi mzima, kama pindo la kanga, akisema kitu kisicho na pindo hakijaisha. Tukatumwa watoto mtaa mzima tukusanye betri za redio zilizokufa. Tulizipasua kwa jiwe, tukatoa ule unga mweusi wa ndani, uleule ambao shuleni ulitumika kupakia ubao. Leo nisingemruhusu mtoto kufanya hivyo kwa mikono mitupu. Wakati ule tulirudi nyumbani weusi mpaka viwiko, tukijiona mafundi.

Sahani zilikuja mwisho. Kabati la kuazima lilikuwa limeangukia mazishini mwaka uliotangulia, na bibi aliwalipa wenye sahani, akabaki na vipande. Alivitunza ndani ya debe. Saruji kidogo iliyokwanguliwa kwenye karai aliipeleka uani, mahali pa kufulia, akapanga vipande vile uso juu: maua ya buluu, ukingo wa dhahabu, nusu ya jogoo. Mjomba alipendekeza tuzungushie na mawe yaliyopakwa chokaa, kama yale tuliyopanga shuleni kila mkuu wa wilaya alipotarajiwa. Bibi akakataa. "Hayo ya bomani," alisema.

Ukumbi uliokauka ulipakwa nta na kusuguliwa kwa kumbi la nazi, mguu juu ya kumbi, mkono ukutani, kiuno kikicheza. Kila Alhamisi jioni, miaka na miaka.

Nilifika Tanga Ijumaa usiku. Fundi naye hakusubiri Jumatatu. Jumamosi asubuhi niliamshwa na patasi. Marumaru haishiki juu ya sakafu iliyokula nta miaka arobaini, aliniambia kwa upole, kama daktari anayeeleza upasuaji. Lazima uso wake uchunwe wote, gundi ipate pa kung'ang'ania. Aliparura mraba kwa mraba. Vumbi lilikuwa jekundu. Nilisimama pale na kikombe cha chai nikiwa sina la kusema, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa.

Karibu na mlango wa uani alikata kabisa, apitishe bomba. Nikachuchumaa kutazama ndani ya tundu. Juu, saruji, nyembamba kuliko nilivyodhani. Chini yake udongo wa bibi, na udongo huo haukuwa kitu kimoja: ulikuwa matabaka, jembamba la kahawia, jembamba la kijivu, jembamba la kahawia tena, kama kurasa za kitabu kilicholowa na kukauka. Kila moja ni siku aliyokaa kwenye kigoda. Nilianza kuhesabu, nikaachia kwenye ishirini na kitu.

Wanaakiolojia husoma hivyo. Huko Shanga, kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa Ijumaa uliokwisha kuwa magofu, wakakuta chini yake msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, wa mawe juu, wa udongo na miti chini, mpaka karne ya 8. Historia ya Uislamu wa pwani hii imesogezwa nyuma kwa kusoma sakafu juu ya sakafu. Mimi nilikuwa na tundu la inchi nne la bomba, na fundi akinisubiri niondoke.

"Unatafuta nini humo?" Shangazi alikuwa mlangoni.

Nikamwambia natazama kazi ya bibi. Halafu nikauliza kile kibao kiko wapi.

Alikitoa chini ya kitanda chake, kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Mti mgumu, mzito, upande wa bapa umelika katikati kama kisu cha siku nyingi. Nikamuuliza kinaitwaje. "Kipande," akasema. Nikadhani hajanielewa. Kipande cha nini? "Kipande tu. Ndilo jina lake. Cha kupigilia."

Niliporudi Dar es Salaam nilitafuta. Kamusi walizotunga wamisionari karne ya 19 zina neno kipande kwa maana ambayo sisi tumeisahau: chombo cha mti cha kupigia sakafu na paa za mawe. Zina pia kupigilia, kupiga chokaa na kokoto kwa vijiti, watu wengi pamoja, mpaka ikaze. Na neno sakafu lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, ambako saqf ni paa. Lilifikaje chini ya miguu yetu? Ukiona nyumba ya mawe ya Unguja, Lamu au Pangani utaelewa. Boriti za mikoko zinapangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na ndiyo maana vyumba ni vyembamba, kwa sababu mkoko haurefuki utakavyo. Juu ya boriti, mabamba ya mawe ya matumbawe. Juu ya mawe, zege la chokaa na kokoto ndogo. Kitu hichohicho ni paa la wa chini na sakafu ya wa juu.

Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kisha kuiacha ilowe. Haikuwa na haraka ya saruji. Ili isivuje na isipasuke ilibidi ipigwe, ikinyunyiziwa maji, siku kadhaa mfululizo, na waliopiga walikaa safu wakienda sawa kwa wimbo. Ilikuwa kazi ya mikono mingi, na wageni wa karne ya 19 walioandika habari za Unguja wanawataja waliokuwa wakiifanya: wanawake, watumwa.

Bibi alikirithi kipande kutoka kwa bibi yake, wa Pangani. Hilo lilijulikana. Kwamba bibi yule wa Pangani "alifanya kazi ya sakafu kwenye majumba", hilo pia nililisikia utotoni, likisemwa kwa fahari kidogo, kama mtu anavyosema babu yake alifanya kazi reli. Sikuwahi kuuliza ilikuwaje mwanamke akawa na kazi hiyo, Pangani, wakati huo.

Nilirudi Tanga siku kumi kabla ya harusi nikamuuliza shangazi. Alikuwa akipepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Hayo wewe umeyapata wapi?"

"Kwenye kamusi, shangazi."

"Basi na yakae kwenye kamusi." Akapepeta. Baadaye sana, mchele umekwisha, akasema: "Mama alijua. Alituambia sisi wawili tu, mimi na baba yako. Alisema bibi yake hakuwa akilipwa, na akisikia watu wanasifia nyumba za Pangani, ubaridi wake, sakafu zake, alikuwa akinyamaza." Kisha akanitazama. "Wakwe wanakuja, mwanangu."

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba kwetu swali la "asili" bado huulizwa kabla ya ndoa, kwa adabu, kwa kuzunguka, na kwamba familia nyingi zina jibu lililonyooshwa kwa uangalifu kama ile miraba ya ukumbini.

Nilikwenda Pangani, yapata kilomita 50. Njiani nilishuka Tongoni, ambako kuna msikiti uliobomoka na makaburi kama arobaini ya miaka mia tano na zaidi, baadhi yana nguzo, na kwenye baadhi yake kuna vishimo vya mviringo. Humo mlikuwa na bakuli za kaure kutoka ng'ambo, zimepachikwa kwenye chokaa zikimeta jua. Bakuli zimeshang'olewa, umebaki umbo lake tu. Sidhani kama bibi alikuwa akiwaza Tongoni alipokuwa akipanga nusu ya jogoo kwenye saruji. Lakini alipita njia ile mara nyingi akienda kwao, na alikuwa mtu wa kutazama.

Pangani niliingia kwenye jumba moja la zamani lililo wazi, karibu na mto. Ghorofa imeanguka upande mmoja, na sakafu imebaki ikichomoza ukutani kama kipande cha mkate. Unene wake ni wa kiganja na nusu. Nikagusa ukingo wake. Sakafu ya bibi, ya vidole viwili, ilipasuka mara tatu nikiwa mtoto. Hii imenyeshewa bila paa miaka mingi na bado inashikilia.

Tarehe nazijua kwa sababu ni rahisi kuzipata. Unguja na Pemba, utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1897. Pangani ilikuwa chini ya Wajerumani, na Wajerumani hawakuufuta. Walitangaza mwaka 1904 kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru, wengine wasubiri. Walioufuta ni Waingereza, Tanganyika, mwaka 1922. Bibi alizaliwa miaka michache tu baada ya hapo. Bibi yake, yule wa kipande, alimlea. Kwa hiyo mtu aliyenifundisha kufagia kinyumenyume alilelewa na mtu ambaye, kwa karatasi za serikali, aliweza kuwa mali ya mtu mwingine mpaka uzeeni.

Nimeufikiria sana ule ukumbi tangu hapo. Watu wanaposifia mapambo ya bei nafuu huhesabu vifaa: unga mwekundu wa bure, betri zilizokufa, sahani zilizovunjika, mchanga. Sakafu za Pangani nazo zilikuwa za bei nafuu kwa hesabu hiyo; matumbawe yako baharini, mikoko iko mtoni, na mikono haikulipwa. Bibi alikuwa na kipande kilekile, na mbinu ileile, na safari hii aliyekuwa akikaa kwenye kigoda ndiye aliyekuwa akipita juu yake. Labda ndiyo maana hakuweka saruji chumbani. Au labda alitaka tu majirani waione. Nilimuuliza shangazi, akasema mama yake alikuwa mtu wa kupenda sifa.

Harusi ilifana. Marumaru ni za rangi ya maziwa, zina michirizi kama moshi, na wakwe walivua viatu mlangoni wakasifia ubaridi. Hakuna aliyeuliza kulikuwa na nini chini.

Wiki iliyofuata, tukiwa tumebaki mimi na shangazi na vyombo vya kurudisha, nilimkuta uani amechuchumaa. Fundi alikuwa ameacha mabaki ya marumaru kwenye gunia, pembe na vijiti vya kukatia kona, ambavyo mjini siku hizi watu hununua kwa gunia ili kutandika ua. Binamu alitaka yatupwe. Shangazi alikuwa amechimba kando ya zile sahani za bibi, amemwaga saruji iliyobaki, na sasa anapanga: nyeupe karibu na buluu, ncha kwa ncha, akiacha nafasi pale penye jogoo.

Mkononi alikuwa na kipande. Alikuwa akipigilia kila kigae, taratibu, mpaka kikae sawa na mwenzake, na alikuwa akiimba kitu kwa sauti ya chini ambacho sijapata kukisikia. Aliponiona akanyamaza.

Hii habari ameniruhusu niiandike, kwa sharti nisitaje jina la mtu. Siku ile sikumuuliza wimbo. Nilikaa chini kando yake.

"Usikae tu," akasema. "Lete maji, saruji inakauka."

Nikaleta maji.